Doa jeusi katikati ya aota

Wiki hii mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ameuliza kwa nini kwenye MRI ya moyo tusiweke VENC, yaani kikomo cha kasi ya damu ambayo mashine itaisoma, 400 kwa kila mgonjwa, tukamaliza maneno. Swali lake limenikumbusha mzee mmoja aliyekuja na majibu ya eko, ultrasound ya moyo: vali ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, inavuja, kiasi hakieleweki, kwa sababu damu inayorudi imeegemea ukutani.

Picha za moyo ukidunda zilikwenda haraka: vipande vya milimita 8, nafasi ya 2, toka kwenye vali hadi nchani. Ikabaki kupima damu yenyewe. Kipande kimoja, juu kidogo ya vali, kinakata aota kwa pembe mraba, na aota imesogezwa katikati ya sumaku. Pembeni sifuri ya mashine huhama, na kosa dogo likijumlishwa kwa pigo zima huwa mililita nyingi.

"Vuta pumzi, itoe yote, baki hivyo hivyo, mzee."

VENC ilikuwa ile ya kawaida, sentimita 150 kwa sekunde. Damu inayotoka moyoni ikaonekana nyeupe, isipokuwa katikati: doa jeusi ti, lenye kingo kali, upana wa pikseli tatu nne. Nyeusi ni damu inayorudi. Lakini hapo vali ilikuwa wazi kabisa, hakuna cha kurudi! Kasi ilikuwa imepita kikomo, mashine ikaanza kuihesabu upya toka upande wa pili, kama saa inavyotoka kumi na mbili ikaingia moja. Kwa 200 doa lilipungua. Kwa 250 likaondoka. Na vali haikuwa imebana. Damu iliyovuja ilikuwa inasukumwa tena pamoja na mpya, ndiyo maana ilikimbia.

Ukipandisha hadi 400, chenga za picha nazo hupanda, na damu inayorudi taratibu humezwa humo. Nayo ndiyo tunayoitafuta.

Mbele zilipita mililita 118, nyuma zikarudi 47: asilimia 40. Ventrikali ya kushoto ilisukuma 120, karibu sawa na zilizopita aota, kwa hiyo vali ya mitro, mlango wa kuingilia ventrikali hiyo, haikuwa na neno. Kwa eko, kuvuja kukali huanzia asilimia 50. Kwa MRI, wengi waliopita 33 wameishia kwenye upasuaji. Mzee mwenyewe alikuwa akipanda ngazi bila kuhema. Daktari wa moyo akataka kungoja na kurudia kipimo, wa upasuaji akasema 40 si ya kungojea. Wakiwa bado wanabishana, niliandika VENC 250 kwenye ripoti, atakayerudia atumie hiyo hiyo.