Bibi alipopiga mpira Doha

Mama yangu ametulea wavulana wanne Kikwajuni, Unguja, na jezi zetu zote kazifua yeye. Uwanja wa Amaan, hata hivyo, aliujua kwa nje tu, kwa kupita na gari. Mpira ulikuwa mambo ya Baba na sisi. Yeye alisubiri nyumbani, na akituona tunavyoingia mlangoni alijua matokeo kabla hatujamwambia.

Desemba 2022 alikuwa na miaka 67, na tangu Baba afariki alikuwa akikaa nasi Muscat. Tukapanda ndege sote, yeye, mke wangu, watoto wawili na mimi, kwenda Doha kwa kaka'angu anayefanya kazi huko. Tiketi za Kombe la Dunia hatukuwa nazo. Kaka akatwambia tusijali: Jumamosi ya tarehe 10, siku ya robo fainali ya Moroko na Ureno, tungekwenda kwenye tamasha la mashabiki la FIFA, bustani ya Al Bidda. Kuingia bure, skrini kubwa kama ghorofa, na michezo kwa watoto.

Tulifika alasiri. Mbele yetu bahari, ng'ambo yake maghorofa ya West Bay, na huku kwenye majani watu waliovaa nyekundu tupu. Wamoroko walikuja na ngoma, wakiimba "Sir! Sir!", yaani nenda, songa mbele. Lakini hawakuwa peke yao. Niliona Wasudani, Wamisri, vijana wa Senegali waliojifunga bendera yao wakiwa wamevaa jezi za Hakimi, beki wa Moroko, na bendera za Palestina kila upande.

Watoto walikwenda moja kwa moja kwenye mchezo wa kupiga shuti. Unaweka mpira, unaupiga wavuni, na kibao kinaonyesha kasi yake. Mwanangu alipata 54. Dada yake wa miaka saba akapata 31, akageuka nyuma.

"Bibi, zamu yako."

Mama akacheka, akasema miguu yake ni ya kwendea sokoni. Kijana aliyekuwa akipanga mipira akainua kichwa. "Shikamoo mama. Karibu upige."

Sijui niueleze vipi uso wake aliposikia Kiswahili pale. "Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?" Kilifi. Wakaulizana habari za nyumbani, mvua, wazee, na foleni nzima ikangoja kwa utulivu. Kisha akanipa mkoba wake. Akavua viatu. Akakusanya buibui kwa mkono mmoja mpaka juu ya kifundo cha mguu, akapiga.

19.

Watu wakapiga makofi, na mke wangu akatoa kigelegele. Nikadhani yamekwisha, nikamnyooshea mkoba. Hakuupokea. "Ule haukunikaa sawa," akamwambia kijana. "Niwekee tena."

Mara ya pili alirudi nyuma hatua tatu, kama mtu aliyekwisha kuwaza jambo hilo siku nyingi. 23. Nilimtazama nikajiuliza mbona miaka yote ile, tulipokuwa tukicheza uani mbele ya macho yake, hakuna hata mmoja wetu aliyemtilia mpira miguuni.

Tukasali magharibi pale pale kwenye majani. Kwa Kiarabu Moroko ni al-Maghrib, jina moja na sala ile, na Mama akasema akikunja msala, "Leo tuna magharibi mbili. Moja tumeshaimaliza."

Mechi ilianza saa kumi na mbili. Dakika ya 42 Attiat-Allah wa Moroko alimwaga krosi kutoka kushoto, kipa wa Ureno, Diogo Costa, akatoka langoni, na mwenzake Attiat-Allah, En-Nesyri, akaruka juu kuliko mikono ya kipa. Sikuliona vizuri bao lenyewe kwa sababu bustani nzima ilisimama. Mtu nisiyemjua alinikumbatia, na mwanangu alikuwa juu ya mabega ya Msudani.

Kipindi cha pili kilikuwa mateso. Ronaldo wa Ureno aliingia dakika ya 51. Nahodha wa Moroko, Saïss, akatolewa kwa machela. Dakika za nyongeza zikawa nane, na ndani yake Cheddira wa Moroko akapewa kadi nyekundu. Hapo ndipo Mama alipoanza kuzungumza taratibu, macho kwenye skrini. Alisema usiku ule wa 1990, Kamerun ilipocheza na Uingereza, aliwapelekea kahawa wanaume waliokizunguka kiredio barazani. Kamerun walikuwa wanaongoza 2-1. Baadaye akasikia kimya. Baba aliingia ndani baada ya saa sita usiku, akalala bila kusema neno. "Na wala sikumuuliza," akasema. "Nilijua."

Baada ya Kamerun ilikuja Senegali 2002, kisha Ghana 2010, na zote ziliishia robo fainali. Pepe wa Ureno akapiga kichwa, mpira ukapita nje kidogo. Filimbi. Moroko 1, Ureno 0, na kwa mara ya kwanza timu ya Afrika ikaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Kwenye skrini Boufal, mchezaji wa Moroko, alimleta mama yake uwanjani, mwanamke wa makamo aliyejifunga mtandio, wakacheza wawili pale kwenye nyasi. Mama alisimama kuwatazama mpaka picha ikabadilika. Alikuwa analia, nami nikalia. Baba angekuwepo, usiku ule asingelala kimya.

Kwenye metro, mjukuu kamlalia mapajani, akampigia dada yake Unguja. Alimweleza habari ya kijana wa Kilifi, viatu alivyovua, 19, kisha 23, akarudia 23 mara mbili kwa sauti ya kusikika behewa zima. Nikasikia sauti ya khaloo ikiuliza nani kashinda.

"Sisi," Mama akamjibu.