Kamba ya Nyuma ya Nyumba

Mimi ni fundi magari. Siku ya kwanza nilipofika kilima cha kutelezea theluji cha akina Cochran, kule Richmond, jimbo la Vermont, Marekani, macho yangu hayakwenda kwenye theluji, yalikwenda kwenye kamba. Binti yangu alishavaa skii za kuazima, zile mbao ndefu za kutelezea, ananiita, "Baba, njoo unione!" Mimi bado nimeganda pale naifuata ile kamba kwa macho: inapanda, inazunguka gurudumu kule juu, inashuka tena, haina mwanzo wala mwisho. Watoto wanaishika kwa glavu, inawakokota mpaka juu, wanaiachia. Basi, hakuna zaidi.

Tangu siku ile nimesoma habari za vilima hivi kila nilipopata nafasi. Kamba ya kwanza ya namna hii nchini Marekani ilifungwa humu humu Vermont, mjini Woodstock, Januari 1934, kwenye shamba la mkulima, ikavutwa kwa nguvu za gari la Ford. Niliposoma hayo moyo ulinifurahi sana, maana kazi yenyewe niliiona yote mbele yangu. Injini, gurudumu, puli, kamba ndefu iliyounganishwa ncha kwa ncha. Vitu vya gereji! Kabla ya hapo mtu alikuwa anapanda mlima kwa miguu, skii begani, jasho likimtoka kwenye baridi, kwa ajili ya dakika moja ya kuteleza. Kamba ilipokuja, mtoto aliweza kushuka mara thelathini kwa siku moja. Na mchezo huu hufunzwa na kurudia, hakuna njia nyingine.

Mickey Cochran alilijua hilo. Alikuwa mhandisi. Mwaka 1960 yeye na mkewe Ginny walinunua shamba Richmond, na mwaka uliofuata akafunga kamba ya futi 400 hivi, kama mita 120, kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba. Akaweka na taa, watoto wao wanne wafanye mazoezi jioni wakitoka shule. Watoto wa jirani wakaanza kuja. Ginny akawa anawafundisha, na jiko lake likageuka mahali pa kuotea moto na kukaushia glavu. Hilo jiko nalifikiria sana. Fikiria kila jioni sakafu imelowa theluji ya watoto wa watu, na mama mwenye nyumba bado anafungua mlango.

Watoto wote wanne walifika timu ya taifa ya Marekani. Marilyn alitwaa taji la Kombe la Dunia la slalomu kubwa mwaka 1969; slalomu ni mbio za kushuka ukipinda kati ya vijiti. Barbara Ann alishinda dhahabu ya slalomu kwenye Olimpiki ya Sapporo, Japani, mwaka 1972, kwa tofauti ya sekunde 0.02. Miaka 50 baadaye, kwenye Olimpiki ya Beijing, mwanawe Ryan alichukua medali ya fedha, naye akaikosa dhahabu kwa sekunde 0.04. Yote hayo yametoka kwenye kilima ambacho ukisimama chini unakiona chote!

Lakini vilima vya aina hii vimekufa vingi. Katika eneo la New England pekee, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, Vermont ikiwemo, vilivyofungwa vinazidi 600. Ukipita barabara za vijijini wakati wa kiangazi unaweza kuona ukanda wa miti michanga katikati ya msitu mkubwa. Hapo palikuwa na njia ya skii. Baadhi viliuawa na majira ya baridi yasiyo na theluji. Aliyekuwa na fedha alinunua mitambo ya kutengeneza theluji, lakini mitambo hiyo inataka pampu, kompresa, mabomba mlima mzima na bwawa la maji, na bado inasubiri baridi ije. Bima nayo ilipanda vibaya baada ya jopo la raia waamuzi wa mahakama ya Vermont, mwaka 1977, kumpa mteja aliyeumia kwenye skii fidia ya dola milioni 1.5. Mkulima mwenye kamba moja angelipa nini?

Mimi naona kilima kidogo hakiwezi kumtajirisha mtu, na anayekidai faida atakifunga tu. Cha akina Cochran kilifanywa shirika lisilo la faida mwaka 1998, mwaka ule ule aliofariki Mickey. Mad River Glen, mlima mwingine wa skii wa humu Vermont, mkubwa kuliko kilima hiki, ulinunuliwa na watelezaji wenyewe mwaka 1995 kwa njia ya ushirika. Yote miwili ipo hadi leo, na sidhani ni bahati.

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa anaishika kamba kwa nguvu ghafla, inamnyakua, anaanguka. Mara tatu, na machozi yanakaribia. Nikapiga magoti kando yake nikamwambia, mama, usiikabe. Iache ipite kwanza ndani ya glavu, halafu funga vidole polepole, kama baba anavyoachia klachi. Akanyamaza, akaweka mkono, kamba ikapita, ikapita, vidole vikafunga. Akaondoka taratibu bila kutikisika, nami nikabaki nimepiga magoti kwenye theluji mpaka alipofika juu.