Hukumu imeondolewa leo

Nimetoka mahakamani saa hizi, mikono bado inatetemeka.

Kwa wasiojua, mwezi uliopita dalali wa mahakama alinigongea mlango na amri ya kukamata mali, kumbe kuna kesi ya madai ya deni ilishaamuliwa upande mmoja, na mimi hata samansi (wito wa mahakama) sijawahi kuiona. Nililia jamani.

Wakili akasema tuanze na faili. Ndani tukakuta kiapo cha mpeleka samansi, anaapa alinikabidhi mkononi nikasaini, na hiyo saini yenyewe ni jina langu kwa herufi kubwa, tena limekosewa herufi moja.

Mimi nikosee jina langu?

Siku hiyohiyo tukaomba utekelezaji usimamishwe na hukumu iondolewe, tukaambatanisha na rasimu ya utetezi, maana kusema tu sikujua wakati mwingine haitoshi, mahakama inataka kuona una cha kujitetea. Leo hakimu ameitazama ile saini kimyaaa, halafu akasema wito haukunifikia kisheria.

Deni bado tutabishania, kesi inaanza upya. Ila sasa nitasikilizwa.

Kuna aliyepitia hili? Mlifanyaje, niambieni hapo chini.