Kufika Ngozi Kabla ya Ukungu

Mara ya kwanza nilipopanda msitu wa Ngozi, mkoani Mbeya, sikuliona ziwa lililo ndani ya shimo la volkano yake. Ilikuwa Aprili, mwezi ambao yeyote aliyekulia Rungwe angetushauri tubaki nyumbani, na kwa sababu ya kusubiriana tuliondoka Mbeya mjini saa 4 asubuhi. Tulipofika ukingoni mwa shimo saa 8 mchana, ukungu ulikuwa umetanda mbele yetu mzito kama uji, na zaidi ya majani yaliyokuwa miguuni petu hatukuona kitu. Tulisubiri karibu saa nzima, mvua ikatufukuza. Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa, na moyoni niliazimia kwamba nitarudi, lakini nitarudi na mpango.

Nafasi ilipatikana Agosti ya mwaka uliofuata, shemeji yangu alipokuja kutoka Dar es Salaam pamoja na binti yake wa miaka 11. Walikuwa na siku moja tu ya kutembea, Jumamosi, na shemeji alikuja na orodha yake: Kitulo, Daraja la Mungu, Mlima Rungwe, Ngozi. Nilimwomba tukae mezani usiku wa Alhamisi tuipunguze. Kitulo tuliiondoa kwanza, kwa kuwa maua yanayoipa uwanda ule jina la Bustani ya Mungu huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mwezi wa Agosti tungekuta nyasi kavu na baridi kali. Daraja la Mungu pale Kiwira, ambalo ni tao la mwamba wa volkano lililovuka mto, linapendeza na halichoshi, lakini nilijua kwamba tukilichanganya na Ngozi kwa siku moja tutakimbizana na saa na kote tutafika nusunusu.

Rungwe ndiyo iliyoleta mjadala mrefu, kwa sababu ya kipunji. Shemeji alikuwa amesoma habari za nyani huyu wa milima ya kwetu, ambaye wenyeji walimjua siku zote lakini wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu na kumtangaza mwaka 2005, na alitaka binti yake amwone. Nilimweleza kwa upole kwamba kipunji ni mwoga, hukaa juu ya miti katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na kumtafuta kunahitaji siku kadhaa pamoja na watu wanaozifahamu njia zake. Kumwahidi mtoto kipunji kwa safari ya siku moja ni kumwandalia machozi. Tulikubaliana juu ya Ngozi.

Mpango wenyewe niliuanzia mwisho. Jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 na nusu jioni, nami sikutaka tuwe njiani na mtoto gizani, lakini kilichonisumbua zaidi kuliko giza ni ukungu. Hewa yenye unyevu hupanda kutoka Kyela na Ziwa Nyasa, ikigonga milima hii hupoa na kugeuka wingu, na ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata wakati wa kiangazi, asubuhi nyeupe ya jua inaweza kufungwa na wingu ifikapo mchana. Kwa hiyo saa niliyoiandika kwanza kwenye karatasi ilikuwa saa ya kusimama ukingoni: saa 4 na nusu asubuhi, isizidi saa 5. Kutoka hapo nilihesabu kurudi nyuma: saa moja na nusu ya kupanda kwa hatua za mtoto, muda wa kulipia kiingilio, pikipiki kutoka barabara kuu hadi mguu wa msitu, kosta kutoka kituo cha Nane Nane, na nusu saa ya kungoja kosta ijae, maana haiondoki kabla. Hesabu ilinipeleka saa 12 kamili asubuhi. Shemeji aliguna, lakini alikubali.

Msitu ule ni hifadhi ya safu ya Poroto, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ijumaa nilipiga simu kuulizia kiingilio na mwongozaji. Ninawasihi wanaokwenda wasimwone mwongozaji kama gharama ya ziada, kwa sababu njia hugawanyika ndani ya mianzi na ukingo wa shimo umefichwa na majani. Jioni nilichemsha viazi na mayai, nikafunga maji, makoti ya mvua matatu na soksi za kubadili. Viatu vya shemeji, vyeupe na vyenye soli laini, niliviacha nyumbani nikamwazima mabuti ya mume wangu.

Asubuhi ya Jumamosi baridi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni. Kosta ilijaa upesi, tukapita Uyole na Igawilo, barabara ikaanza kupanda kati ya mashamba ya viazi, na kabla ya saa 2 konda alitushusha Mchangani, kata ya Isongole. Mama mmoja aliyekuwa akipanga ndizi kando ya barabara alitusalimu kwa Kinyakyusa, “Mugonile,” na binti wa shemeji, niliyekuwa nimemfundisha neno moja tu, akamjibu, “Ndaga fijo,” yaani asante sana. Mama yule alicheka kwa furaha na kumpa ndizi mbili, akakataa pesa.

Pikipiki zilituacha mashamba yanapoishia. Msitu huu hauanzi polepole. Unatoka kwenye tuta la viazi, unapiga hatua kumi, na tayari uko kwenye kivuli chenye harufu ya majani yaliyooza na udongo mbichi. Njia ni mizizi mitupu, mingine imesuguliwa na nyayo hadi inang’aa, na katikati ya mizizi kuna tope jeusi ambalo halikauki hata Agosti. Mianzi imeinama juu ya njia kama watu wanaonong’onezana, na mabondeni kuna migomba mwitu yenye majani marefu kuliko mlango wa nyumba. Mwongozaji, kijana wa kijiji cha jirani, aliokota mbegu chini ya mgomba mmoja akaiweka kwenye kiganja cha mtoto: nyeusi, ngumu kama kokoto, yenye kishimo kidogo upande mmoja. “Ndizi hii ndani ni mbegu tupu, haina cha kula,” alimwambia. Binti aliitazama sana, akauliza, “Mama mkubwa, naweza kuondoka nayo?” Kijana akatikisa kichwa, akamweleza kwamba hiyo ni ya msitu. Aliirudisha chini ya mgomba, pale pale ilipookotwa.

Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona, matawi yakivunjika juu yetu, kisha mikia miwili mirefu myeupe ikapita hewani na kupotea. Kipunji hakutajwa tena.

Sehemu ya mwisho ni kali, unashika mizizi kwa mikono. Tulitokea ukingoni saa 4 na dakika 50, na ziwa lilikuwa wazi. Liko chini kabisa, ndani ya kuta za msitu zilizosimama wima pande zote, rangi yake kijani iliyochanganyika na buluu, limetulia kiasi kwamba kivuli cha wingu kilionekana kikitembea juu yake. Ngozi ni volkano iliyobomoka kilele chake, na shimo lililobaki ndilo linaloshika maji haya, yenye urefu wa kama kilomita 2.5 na kina cha zaidi ya mita 70. Hakuna mto unaotoka ndani yake. Chini ya ardhi joto bado lipo, ndiyo maana mradi wa jotoardhi wa kutafuta umeme umewekwa kwenye mlima huu. Shemeji aliuliza kama tunaweza kushuka hadi majini, nami nilikataa pale pale: ukuta ule ni wa kuteleza, na tulikuwa na mtoto. Mwongozaji aliniunga mkono.

Tulikula viazi vyetu tukiwa kimya. Saa 5 na nusu wingu la kwanza lilichungulia juu ya ukuta wa upande wa pili, likateremka taratibu kama nguo inayotandikwa, na kabla ya saa 6 nusu ya ziwa ilikuwa imefunikwa. Tulisimama, tukakusanya maganda yote ya mayai ndani ya mfuko, tukaanza kushuka.

Njiani, karibu na mashamba, tulipishana na vijana saba waliokuwa wakipanda kwa shauku, wakaniuliza kama ziwa linaonekana. Niliwaambia waharakishe.