Sifuri Zote

Jana jioni binti yangu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, kidevu kakiegemeza begani mwangu, anasoma nisichomwomba asome. Kwenye skrini palikuwa na majibu ya zpool status, amri ya kuuliza hali ya diski za seva yetu ya nyumbani, ambayo huyatazama kila skrabu ya mwezi inapokwisha. (Skrabu, si skrubu: ni ukaguzi wa data yote iliyomo kwenye diski. Huko kwenye skrubu tutafika.) Diski sita, kila moja na mstari wake, na mbele ya kila mstari safu tatu za nambari, hesabu ya makosa: ya kusoma, ya kuandika, na ya cheksamu, ile nambari ya kuhakiki kwamba data haijabadilika.

"Baba, mbona umepata sifuri zote?"

Kwa mtoto wa darasa la nne, sifuri ni msiba. Nikamwambia, mama, hizi ni sifuri ambazo mtu mzima anaziombea. Akatafakari kidogo.

"Kwa hiyo kuna siku ulizikosa?"

Nikamjibu ndiyo, kisha nikajikuta nakitazama kidole changu cha shahada, kana kwamba alama bado ipo. Haipo. Ilifutika ndani ya wiki moja.

Seva yenyewe ni kasha jeusi la kutunzia picha na hati zetu, lililokaa chini ya meza kabla mama watoto hajalifukuza kwa kelele zake. Siku hizo haikuwa imetimiza hata miaka miwili. Diski sita za terabaiti 4 kwa mpango wa RAIDZ2, yaani mbili zinaweza kufa na data isipotee. RAM gigabaiti 16 za ECC, zile zinazojisahihisha makosa madogo, kwa kuwa nilikuwa nimesoma sana na sikutaka kuchekwa. Na kadi ya HBA, ya kuunganisha diski na kompyuta, ya mtumba, iliyong'olewa kwenye seva ya kazini mwa watu, famwea yake, programu ya ndani, tayari imewekwa hali ya IT: haijifanyi RAID, yaani haiziunganishi diski kwa akili yake, inamkabidhi ZFS, mfumo unaotunza data, diski zake na kukaa pembeni. Uamuzi huo nautetea mpaka leo. Ukiweka kadi ya RAID yenye ujuaji wake katikati, unakuwa na mabosi wawili kwenye jiko moja.

Balaa ilianza kidogo sana: makosa 3 ya cheksamu, diski ya nne. Nikafanya wanachofanya watu wazima wenye akili timamu, nikaandika zpool clear, amri ya kufuta hesabu ya makosa, na kwenda kulala. Wiki iliyofuata, makosa 7, diski ileile. Nikaihukumu papo hapo. Sikusoma hata SMART yake, ripoti ya afya ambayo diski hujiwekea, sikubadilisha kebo, sikuihamishia tundu jingine. Diski hufa, kila mtu anajua, na hii ilikuwa na dalili.

Nikaagiza nyingine kwa pupa, na pupa ikanilipa. Ilikuwa ya SMR, zile ambazo njia za data zimelaliana kama mabati ya paa: kuandika upya bati la chini lazima uyainue ya juu yake yote. Kwenye kazi za kawaida inajificha vizuri, ina sehemu ndogo ya kupokea maandishi ya haraka. Ila ZFS inapojenga upya diski nzima, huandika saa baada ya saa bila kupumzika, sehemu ile inajaa, na mwendo unakuwa wa kinyonga. Siku nne usiku na mchana. Nilikuwa naamka saa nane za usiku kutazama asilimia, kama mtu mwenye mgonjwa wodini.

Diski ya zamani ilikuwa na picha na hati zetu, nami sikutaka ziangukie mikono ya mtu. Nikaichukua drili nikaitoboa matundu matatu. Ishikeni hiyo.

Baada ya hapo ikaanza diski ya pili. Nikabadilisha, safari hii nikiuliza vizuri, CMR tupu, zile ambazo njia hazilaliani, nayo ikajengwa kwa saa tisa. Halafu ikaanza ya sita. Mama watoto akasema, "Hizi diski zako zinakufa kama kuku wa kideri." Alisema kwa utani, lakini ndani ya utani huo mlikuwa na jibu, laiti ningelisikia. Kuku wakifa mfululizo, hukagui kuku. Unakagua banda.

Usiku wenyewe ulikuwa wa skrabu. Nilikuwa nimeianzisha kwa mkono, nione mwisho wake. Asilimia 10, safi. Asilimia 20, safi. Nikaenda kuoga. Niliporudi ilikuwa imefika 34, na safu ya tatu ilikuwa hivi, kutoka juu kwenda chini: 38, 41, 40, 38, 43, 40.

Nilikaa kimya mbele ya nambari zile. Sijui kama nimewahi kuogopa nambari kiasi kile. Chini yake ZFS ilikuwa imeandika kwa upole wake kwamba kuna makosa ya kudumu, na ikataja faili. Ilikuwa moja tu, nitaisema baadaye. Wakati ule sikuweza hata kuisoma, jicho lilirudi palepale kwenye safu. Diski sita zenye umri tofauti, mbili kati yake mpya kabisa, zote zimekosea karibu sawasawa. Ni kama mwalimu anasahihisha mtihani na kukuta watoto sita wamekosa maswali yaleyale. Hamshuku mtoto tena.

Hapo ndipo nilipofanya nilichotakiwa kufanya wiki tano nyuma. Nikafungua SMART, diski baada ya diski. Namba 5, sekta zilizohamishwa: sifuri. Namba 197, sekta zinazosubiri: sifuri. 198, sifuri. 199, makosa ya njiani baina ya diski na kadi, yale yanayowaumbua kebo wabovu: sifuri. Diski zote zilikuwa zinaniambia kwa sauti moja, sisi wazima. Nikayakumbuka matundu matatu ya drili. Nilitamani kucheka, ikashindikana.

Niliivuta seva kutoka chini ya meza ikiwa inazunguka vilevile, nikafungua skrubu mbili za ubavuni kwa bisibisi, nikaliondoa bati. Harufu ikanipokea kwanza, ile ya vumbi lililokaangwa polepole, kama taa ya zamani iliyowashwa baada ya miezi. Mama watoto alikuwa ameamka, kasimama mlangoni na tochi ya simu.

"Kuna nini, baba watoto?"

"Nimulikie hapa."

Akamulika. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Feni ya mbele inazunguka, feni ya prosesa inazunguka, taa za diski zinapepesa. Kadi ya HBA imelala katikati na kibati chake cheusi cha kupozea, mapezi membamba yamesimama kama meno ya kitana. Haina feni. Haijawahi kuwa na feni. Kadi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya seva za kwenye raki, ambako feni kali hupuliza upepo kutoka mbele hadi nyuma mchana kutwa, zikipiga kelele kama ndege. Kwangu ilikuwa kwenye kasha la nyumbani ambalo nililichagua, nakumbuka vizuri, kwa sababu lilikuwa kimya.

Nikanyoosha kidole.

Sikukaa hata sekunde moja, ila ilitosha. Nilipiga ukelele uliomwangusha mama watoto simu. Alipoiokota na kunimulika mkono, tuliiona alama wote wawili: mistari mitano myekundu kwenye nyama ya ncha ya kidole, imenyooka, nafasi sawasawa, mapezi ya kibati yamejipiga chapa. Tuliitazama kwa muda kuliko ilivyostahili. Akasema, "Imekuandika." Kisha akarudi kulala.

Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walipoanza kuijenga ZFS pale Sun Microsystems mwaka 2001, wazo mojawapo lilikuwa kutomwamini yeyote njiani. Cheksamu ya kipande cha data haikai pamoja na data yake, inakaa kwa mzazi, kwenye kielekezi cha kipande cha juu yake. Mshtakiwa hatunzi jalada la kesi yake mwenyewe. Ndiyo maana kadi ilipokuwa inachafua data, ZFS haikudanganyika. Ila anachoweza kukuambia ni kwamba kilichofika sicho kilichotumwa. Nani alikichafua njiani, hilo anakuachia wewe, na ile safu anaiandika mbele ya jina la diski kwa kuwa diski ndiyo mlango alioupitia kuingia. Mimi nilimpiga mwenye mlango.

Kilichofuata nakisema haraka kwa kuwa kinaniaibisha. Nilizima seva. Nikafunga kifeni cha milimita 40 juu ya kibati kwa tai za plastiki. Na kwa kuwa kasha lilikuwa wazi na hasira zilikuwa zimenipanda, nikang'oa pia kile kigawanyaji cha umeme kilichokuwa kinatoa waya mmoja wa pawa saplai na kulisha diski zote sita, nikazigawa kwenye nyaya mbili. Diski moja ya inchi 3.5 inaweza kuvuta kama ampea 2 za volti 12 inapoanza kuzunguka, zidisha kwa sita, kwenye plagi ya plastiki iliyotengenezwa kwa bei ya haraka. Plagi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi kidogo upande mmoja, manjano ya chai. Au ndivyo ilivyokuja. Sikuwahi kuitazama kabla.

Nikawasha. zpool clear. Skrabu ikachukua saa kumi na moja. Sifuri zote. Nikairudia siku ya pili, sifuri zote. Nikaisoma sasa ile faili moja iliyopotea: kisakinishi cha printa tuliyokwisha kuigawa.

Nikampigia mzee mmoja niliyefanya naye kazi, fundi wa seva tangu enzi za tepu. Baada ya shikamoo nikamsimulia kila kitu kwa fahari, na kidole, na mistari mitano.

"Kwa hiyo tatizo lilikuwa nini?" akauliza.

"Joto, mzee."

"Umejuaje?"

"Si nimeweka feni na yamekwisha?"

"Na umeme ukaubadilisha."

Nikanyamaza.

"Bwana mdogo, umebadilisha vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Joto linaweza kuwa. Umeme unaoyumba skrabu inapozifanyisha diski zote sita kazi pamoja, nao unaweza kuwa. Rudisha kile kigawanyaji, feni iache ilipo, endesha skrabu. Yakirudi, umejua. Yasiporudi, umejua."

Nikasema nitafanya hivyo wikendi. Wikendi zimepita nyingi. Seva imehamia kona nyingine, kadi ni ileile, kifeni nimekibadilisha mara mbili kwa kuwa vile vidogo havidumu. Kigawanyaji kipo kwenye droo ya meza, chini ya skrubu zisizo na wenyewe. Mara mbili nimekitoa, nikakishika, nikakirudisha. Huwa najiambia ni kwa sababu ya data. Siku nyingine najiambia kwamba joto ni hadithi nzuri zaidi, ina kidole ndani yake.

Haya yote sikumweleza mtoto. Nilimpa kipande, cha kuungua na cha mama yake kuangusha simu, akacheka sana. Halafu akauliza kilichokuwa na kosa hasa ni kipi, nikasema ama kadi ama hiki, nikafungua droo nikamwonyesha. Akakipokea, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakuna ile sehemu ya manjano kwa ukucha.

"Sasa baba, si tukirudishe tuone?"

"Kalale, mama. Kesho shule."