Nikon S3 2000: usinunue boksi ukasahau shata

Mwaka 2000 Nikon waliirudisha S3, kamera yao ya 1958, wakaiunda upya gia kwa gia. Walitoa 8,000 za rangi ya fedha zenye lenzi ya Nikkor-S 50mm f/1.4, kisha 2,000 nyeusi mwaka 2002. Haina betri wala kipima mwanga. Shata, yaani mapazia mawili yanayofunguka na kufungika ili mwanga ufike kwenye filamu, huendeshwa na springi na gia tu, kuanzia spidi ya sekunde 1 hadi 1/1000 ya sekunde.

Wakusanyaji wanapenda uchache huo, lakini kwangu mimi uzuri wake hasa uko kwenye dirisha la kutazamia: vitu huonekana kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo unaweza kupiga picha macho yote mawili yakiwa wazi.

Nyingi zilinunuliwa zikafungiwa kabatini, na muuzaji akisema "haijawahi kutumika" bei hupanda. Hapo ndipo pa kuuliza maswali zaidi, maana mafuta ndani ya kamera iliyolala miaka mingi huganda.

Zungusha vifungo viwili vya chini. Mgongo na kitako hutoka pamoja. Weka sekunde 1, bonyeza, sikiliza. Mlio wa gia uende sawasawa mpaka mwisho. Ukisita au kukwama katikati, gia za spidi ndogo zinahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Usikubali fundi anayedondoshea mafuta mapya juu ya yale yale ya zamani: husambaa hadi mahali pasipotakiwa.

Halafu weka 1/1000, elekeza lenzi kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, tazama kwa nyuma na ubonyeze mara kadhaa. Unapaswa kuona mstatili mzima uking'aa. Upande mmoja ukibaki giza, pazia la pili linalikuta la kwanza njiani, na picha zitatoka na ukanda mweusi.

Pazia lenyewe ni kitambaa chenye mpira, kwa hiyo usiliguse kwa kidole. Kamera hii haina kioo nyuma ya lenzi. Ukiiacha imeelekea jua bila kifuniko, lenzi hukusanya miale na kulitoboa pazia kama karatasi. Vitundu hivyo hutafutwa kwa kurunzi, chumba kikiwa giza. Kurunzi hiyo hiyo, ikimulikwa kiupande ndani ya lenzi, huonyesha nyuzinyuzi za ukungu.

Ukishaipata, usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50 unatosha. Kila mwezi piga spidi zote bila filamu, na usiihifadhi kamera springi ya shata ikiwa imekazwa.

Boksi ambalo muuzaji hataki lifunguliwe? Toa kwanza gharama ya fundi kwenye bei, ndipo mzungumze.