Darubini ya Galileo: meli kwanza, nyota baadaye

Agosti 1609 Galileo aliwapandisha wakuu wa Venice juu ya mnara wa San Marco na darubini ya kukuza mara 8 hivi. Wakaziona meli saa 2 kabla ya jicho tupu. Kwa dola iliyoishi kwa bahari, hizo ni saa za kuandaa mizinga. Mshahara wake wa ualimu wa chuo kikuu cha Padua, kilichokuwa chini ya Venice, ukapandishwa hadi florini 1,000 kwa mwaka.

Angani kazi ni ngumu zaidi. Darubini yake mojawapo iliyobaki ina lenzi ya mbele iliyobinuka, fokasi (umbali kutoka lenzi hadi miale inapokutana) milimita 980, na ya jichoni iliyobonyea, milimita 47.5. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: inakuza takriban mara 21. Lenzi ya mbele ina upana wa milimita 37, lakini kusugua kioo hadi pembeni kikae sawa kulikuwa kazi pevu, na pembeni pakiharibika picha inaingia ukungu. Dawa yake? Ziba kingo, acha tundu la milimita 15. Mwanga unapungua, nyota inatulia. Ila unaona kipande tu cha Mwezi. Mkono ukitikisika, Mshtarii (sayari ya Jupita) kapotea.

Januari 1610 akaona miezi minne ya Mshtarii, akaipa jina la ukoo wa Medici, watawala wa Toscana. Ujanja mtupu, na ulilipa: Julai alishakuwa mwanahisabati na mwanafalsafa wa Cosimo II, mtawala wa ukoo huo.